Nyuki Kaingia Kolani, Mkono Umeachia Usukani

Khaa! Hebu tuliangalie hili jambo vizuri, maana naona tunalichukulia kama la watoto. Kijana anachukua pikipiki kwa mkopo, hesabu ya bosi anapeleka kila jioni, kofia ngumu amepewa mpya na kioo chake mbele. Mwezi haujaisha kioo kimeng'olewa. Ukimuuliza atakwambia, "Kinaleta joto, mzee." Mwingine atasema kimechunika, usiku taa za mbele zinamtawanyikia. Basi kofia inabaki uso wazi, na mara nyingi hata kichwani haipo, imening'inizwa kwenye saiti mira inasubiri trafiki aonekane. Nasonya kila siku na sitaacha kusonya, kwa sababu huku kwetu Korogwe na Handeni ni nchi ya maua, na penye maua pana nyuki, na nyuki hajui kwamba wewe una abiria wa kuwahi basi.

Kaeni kijiweni hapa Manundu jioni, msikilize habari za nani kala mzinga. Watu watataja mwendo, pombe, mshikaki, lori lililokuwa halina taa. Yote kweli, wala sibishi. Lakini katikati ya maneno utasikia mtu anasema, "Yule wa Sindeni aliingiwa na mdudu jichoni," halafu hapohapo mazungumzo yanahamia bei ya mafuta. Nusu sentensi! Mtu kavunjika bega, na sababu imepewa nusu sentensi. Leo naomba tukae hapo hapo kwenye mdudu, tusihame.

Tupige hesabu kwanza. Pikipiki ikiwa kwenye 80, kila sekunde moja inakula mita 22. Mdudu akikugonga jicho la kulia, la kushoto nalo linafumba lenyewe, hulizuii, ndivyo macho yalivyoumbwa. Ukafumba sekunde mbili tu, umeshakwenda zaidi ya mita 40 huoni kitu, karibu nusu ya kiwanja cha mpira, tena kwenye barabara yenye mbuzi, watoto wanaotoka shule na Noah inayotoka porini bila indiketa. Na hapo sijahesabu muda ambao mkono mmoja umeachia usukani kwenda kufikicha.

Zamani hili halikuwa kubwa kiasi hiki. Njia ya Korogwe kwenda Handeni ilipokuwa vumbi, nani alikuwa anakimbia? Mashimo yenyewe yalikuwa yanakushika. Mdudu alikugonga ukiwa kwenye 30, ukasimama, ukajifuta, ukaendelea. Sasa tuna lami kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni, na nyingine 54 kutoka Handeni hadi Mkata. Tumshukuru Mungu kwa lami, mgonjwa anafika hospitali, mahindi yanafika sokoni. Lakini mwendo umeongezeka na wadudu ni walewale, wanavuka barabara palepale walipokuwa wakivuka. Anayegongwa na mbawakavu kwenye 80 usoni pasipo kioo atakuhadithia mwenyewe ni jiwe au ni mdudu.

Halafu kila msimu una wa kwake. Vuli ikinyesha, usiku wake kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu na wanafuata mwanga. Mwanga barabarani ni upi kama si taa yako? Ukipita karibu na taa za sheli pale Segera usiku kama huo, unapita ndani ya mvua ya mbawa. Wanaingia puani, wanaingia mdomoni kwa wale wanaoendesha huku wanazungumza na abiria. Jua likirudi, panzi. Miti ya maembe ikitoa maua, inzi na nyuki pamoja. Machungwa nayo yana zamu yake. Mnadhani Michungwani walipaita hivyo bure? Ukipita pale michungwa imechanua, harufu inakufikia kabla hujaiona miti, na wewe ukiisikia ujue nyuki aliisikia kitambo.

Na katani je? Watu wanadhani shamba la katani ni miiba tu. Katani ikifika mwisho wa umri wake inatoa ule mti mrefu katikati, juu yake maua, na nyuki wanayajia kwa wingi. Mjerumani Richard Hindorf alipoileta mwaka 1893 alikuwa anafikiria kamba, nyuki wetu wakaona chakula. Kwa hiyo kijana wa Ngombezi au wa Magunga anayebeba wafanyakazi alfajiri kupita katikati ya mashamba, anapita kwenye njia ya watu wengine walio kazini. Jua likianza kupasha, wanatoka.

Sasa nije kwenye nyuki mwenyewe, maana huyu ndiye anayetutia kiwewe.

Angalieni tunavyovaa. Bodaboda wa kwetu anavaa koti kinyumenyume, mgongo wa koti kifuani, zipu nyuma wazi, ili upepo usimpige. Kwa baridi ya alfajiri ni akili nzuri. Lakini lile koti kola yake imesimama mbele, iko wazi chini ya kidevu, na upepo unashuka humo moja kwa moja. Nyuki akigonga kidevu anateleza kuingia kolani, anafika kifuani, pale ambapo koti limebana fulana. Hawezi kurudi nyuma, upepo unamsukuma. Hawezi kwenda mbele, kitambaa kimembana. Anatembea. Unamsikia miguu yake, unasikia anatetemesha mbawa, na bado hajauma. Hapa ndipo maisha ya watu wawili au watatu yanapoamuliwa, kwa sababu dereva wetu anafanya nini? Anajipiga kifua! Pa! Nyuki aliyekuwa anatafuta njia ya kutokea anachomeka mwiba, dereva anaruka, mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele, na huo ndio alioutoa. Pikipiki inayumba, na nyuma linakuja basi la Arusha.

Mwiba ule haukumwangusha mtu. Nyuki mmoja hana hata gramu moja, ukimweka kwenye mzani wa duka hausogei. Kilichomwangusha ni mkono wake mwenyewe. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuumwa na nyuki mmoja, akalia kidogo, akaendelea na kazi yake mpaka jioni. Hawezi kuendelea na kazi baada ya kupita chini ya gurudumu la lori. Kwa nini basi tunakimbia dogo kwa kuruka ndani ya kubwa?

Nilimwona kijana mmoja wa njia ya Misima akifanya inavyotakiwa, na nilimpenda. Alikuwa amembeba mama mtu mzima, kanga mbili, kapu mapajani. Nyuki akaingia kwa mama, ndani ya kanga ya kichwani. Mama akaanza kelele, "Baba wee, nyuki! Mwanangu nyuki!" na kutikisa mwili mzima. Yule kijana hakugeuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nishike kiuno, usimguse. Nasimama." Akaachia mafuta polepole, indiketa ya kushoto, akaingia pembeni kabisa nje ya lami, stendi, akazima. Ndipo akasema, "Haya mama, shuka taratibu, vua kanga." Kanga ikakung'utwa, nyuki akaenda zake. Hakuna aliyeumwa. Jambo zima halikufika dakika mbili, na mama akalipa nauli yake huku anamwombea dua.

Basi, ndiyo hiyo tu! Mikono yote miwili kwenye usukani, pumzi, mafuta yanapungua, pembeni, zima, ndipo uhangaike na mdudu. Akiwa ndani ya kofia, usiing'oe kofia ukiwa kwenye mwendo, inua kioo upepo umtoe, kisha usimame. Lakini ili uinue kioo, si lazima uwe na kioo? Ndiyo nasonya.

Kuna wanaosema, "Mzee, nyuki ukimuua amekwisha." Aka! Nyuki wa asali ukimponda ndiyo kwanza umepiga simu kwa wenzake. Mwiba wake una vimeno, ukishaingia kwenye ngozi hautoki, anauacha pamoja na kifuko cha sumu, na yeye anakufa. Kile kifuko kinaendelea kusukuma sumu peke yake, na kinatoa harufu ya hatari, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Nyuki wengine wakiipata, wanajua hapa ndipo pa kupiga. Kwa hiyo umeumwa mmoja karibu na mzinga, ukasimama hapohapo unajikuna na kutukana, unawangoja wa pili, wa tatu na wa hamsini. Warinaji wanalijua hili kabla ya vitabu. Moshi wanaoutumia unafunika harufu ile, ndiyo maana mrinaji hatembei bila moshi.

Na nyuki wetu si wa kuchezewa. Wale wa Ulaya walifugwa kwa karne nyingi katika nchi ambayo hakuna nyegere wala mtu anayepita na kijinga cha moto kila mwaka. Wetu wamezoea kuibiwa, wakajifunza kulinda. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika, na Tanganyika ikiwamo, awapeleke kwao wakaongeze asali. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka. Wakachanganyika na nyuki wa kule, wakasambaa nchi kwa nchi, na mwaka 1990 wakaingia Texas, Marekani. Kule wanawaita nyuki wauaji, wametengenezewa sinema za kutisha. Sisi tunaishi nao juu ya miembe ya uani. Hatuwaogopi kwa sababu tunawajua, lakini kuwajua kwenyewe ndiko ninakokutafuta hapa, maana naona vijana wa pikipiki hawakurithishwa.

Babu zetu walijua kwamba nyuki hapendi mtikisiko. Wewe umetoboa eksozi ili pikipiki ilie, unasimama chini ya mbuyu wenye mzinga kumngoja abiria, injini inanguruma, unavuta mafuta, vruu, vruu, kumwita. Unamwita nani? Kitu kinachonguruma na kutetemesha karibu na mzinga, nyuki anakiona ni adui. Umevaa na koti jeusi. Ukimtazama mfuga nyuki utakuta kavaa nyeupe, kwa kuwa nyuki akikasirika hushambulia cheusi kwanza, na huenda usoni, kwenye macho na pumzi. Kile kizibao cha rangi ya kung'aa tunachokunja na kukalia kama mto, kingekusaidia kwa trafiki na kwa nyuki pia.

Tena huu mkoa wetu una historia yake na jambo hili, sijui kwa nini hatuwasimulii watoto. Novemba 1914, vita ya kwanza ya dunia ndiyo imeanza, Waingereza walileta meli Tanga na askari wapatao 8,000, wengi kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Mjerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Wengine aliwashusha kutoka Moshi kwa reli hii hii ya Usambara inayopita Mombo na Korogwe. Vita ikapiganwa kwenye minazi na mashamba nje ya mji. Kulikuwa na mizinga ya nyuki mitini. Risasi zikaipasua, makelele ya bunduki yakawachokoza, nyuki wakatoka. Hawakuuliza nani Mwingereza nani Mjerumani, waliwapiga wote. Kuna vikosi vilivyovunja safu vikakimbia. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wameshindwa. Baadaye kukazuka uvumi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa makusudi kwa kamba. Uongo. Hakuna aliyewatega. Nyuki walisikia kelele nyumbani kwao wakatoka kuona. Mpaka leo wanahistoria wanaiita Vita ya Nyuki. Sasa kama jeshi lenye bunduki za rashasha lilitimua mbio, wewe na kopo la petroli unataka kwenda kuchoma kundi lililotua kwenye mwembe wa kijiwe? Hebu tulieni.

Maana hilo nalo lipo. Kundi la nyuki likihama linavuka barabara kama moshi mweusi unaotembea, halafu linatua mahali kupumzika: tawi, ukuta, wakati mwingine kwenye pikipiki iliyoegeshwa, chini ya siti au kwenye usukani. Vijana wanaona wameshambuliwa, wanatafuta moto. Kundi linalohama halina asali ya kulinda wala watoto, kwa kawaida ni pole kuliko mzinga wenyewe, linatuma wapelelezi watafute makao na mara nyingi linaondoka lenyewe, saa chache au siku moja mbili. Sogezeni kijiwe upande wa pili, zuieni watoto, mwiteni mrinaji. Halmashauri ina afisa nyuki, na TFS, wakala wa huduma za misitu, wanahusika na nyuki kama wanavyohusika na misitu. Mrinaji atakuja jioni na mzinga mtupu, atawachukua, na mwakani atawauzia asali. Ukiwachoma umepata nini? Umeunguza siti.

Ukilikuta kundi hewani ukiwa kwenye mwendo, usisimame katikati yake, wala usikate kona ya ghafla kuingia upande wa magari. Kioo chini, kidevu kifuani, punguza mwendo kiasi, nyoosha, pita. Unavuka kwa sekunde chache. Na kama ni nyuki wa mzinga waliokasirika, hapo pikipiki ni rafiki yako: nyuki anaruka kwa mwendo wa kilomita 20 na kitu kwa saa, huwezi kushindwa naye ukiwa kwenye 40. Ondoka eneo lile, usigeuke kuangalia. Wanaweza kukufuata mita mia kadhaa, nyuki wetu wana moyo huo, lakini watachoka. Kama pikipiki imekuzimikia, iache! Wengi wanang'ang'ania chombo cha bosi huku wanaumwa. Iache, funika uso kwa fulana uache macho tu, kimbia uingie ndani ya nyumba au gari ufunge. Msitu unasaidia kuliko uwanja mtupu. Mtoni usiruke, watakungoja juu ya maji, na mto Pangani una mambo yake mengine.

Sasa nije kwa wanaobeba asali, maana Handeni bila asali si Handeni. Asali inatoka vijijini huko ndani, inafika barabarani kwa bodaboda, kwenye ndoo na madumu ya lita 20, imefungwa kwa mpira kwenye karia. Kazi nzuri, inalipa. Lakini angalieni lile dumu. Mfuniko haujabana, umefunikwa nailoni, asali imechuruzika ubavuni, mpira wenyewe unanata. Bodaboda anasimama Chanika kunywa chai. Anaporudi, dumu limejaa nyuki wanaokomba. Hao hawana ugomvi, wamekuja kula, lakini wewe unawapiga kwa kitambaa! Osha dumu kwa maji kabla ya kuondoka kule porini, futa mpira, funga mfuniko kwa nailoni ndani yake na siyo juu yake, na kama unaweza safiri jioni au alfajiri sana. Anayebeba mizinga yenye nyuki ndani, hilo ni la usiku tu, mlango umezibwa, na mfuga nyuki mwenyewe awe nyuma yako na bomba lake la moshi. Siyo abiria mwingine.

Nchi yetu inahesabiwa ya pili Afrika kwa asali, baada ya Ethiopia. Waziri Mkuu Pinda alipokuwa madarakani alipiga kelele za mizinga kila mkoa aliokwenda. Tangu 2018 dunia inaadhimisha Siku ya Nyuki kila tarehe 20 Mei, na hotuba zinatolewa. Vizuri sana. Lakini nimesikiliza hotuba za nyuki na nimesikiliza semina za usalama barabarani, na bado sijasikia mtu anayemwambia dereva wa Kabuku afanye nini nyuki akiingia kolani. Wa nyuki anaona hilo ni la trafiki, trafiki anaona ni la nyuki. Huku katikati yupo kijana na mama mwenye kapu.

Sasa umeumwa tayari. Umesimama, umezima, umesogea mbali na pale. Mwiba ng'oa haraka, kwa kucha, kwa ukingo wa kitambulisho, kwa chochote, usipoteze muda kutafuta kibano. Sumu nyingi inaingia ndani ya nusu dakika ya mwanzo, kila sekunde ni yako. Osha kwa maji na sabuni, harufu ile iondoke, weka kitu cha baridi. Haya mambo ya mafuta ya taa, dawa ya meno, udongo wa kichuguu, sijui nani alikufa tukamrithi. Yanakupa kitu cha kufanya tu, hayatoi sumu.

Lakini hapa nisikilizeni kwa makini, ndugu zangu. Kuna watu ambao mwiba mmoja unaweza kuwaua. Mwili wao unaupinga kwa nguvu kupita kiasi. Mtu ameumwa mkononi, midomo inavimba, mwili mzima unatoka mabaka na kuwasha, kifua kinabana, sauti inakwaruza, anatapika au anaona kizunguzungu. Huyo si wa kumpa maziwa anywe na kumwambia apumzike chini ya mti. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini, na ni dakika siyo masaa. Ukiwa karibu na Korogwe ni hospitali ya Magunga moja kwa moja, ukiwa upande wa Handeni ni hospitali ya wilaya, ukiwa Kwamkono ipo hospitali ya St. Francis pale. Umpeleke amekaa katikati, mtu wa kumshika nyuma yake, au bora gari kama lipo. Hata kama ni mshikaki, trafiki akiona hali ataelewa. Na mtu aliyeumwa na nyuki wengi, makumi kwa makumi, naye apelekwe hata kama anasema yuko sawa, maana sumu nyingi inaweza kumchosha figo baadaye. Ukishajua wewe ni wa namna hiyo, waambie wenzako wa kijiwe. Siyo aibu. Wajue.

Nyigu na dondora habari yao nyingine. Hao hawaachi mwiba, wanauma, wanarudia, wanarudia. Wanapenda kujenga chini ya vibanda, ndani ya taa iliyovunjika, kwenye bomba la fremu. Pikipiki iliyolala wiki mbili kwa fundi uikague kabla ya kupanda, hasa chini ya siti. Na yule mdudu mwembamba wa rangi nyeusi na nyekundu anayejaa kwenye taa msimu wa mvua, akitua shingoni mwako usimsugue. Haumi, lakini majimaji ya mwili wake yanababua ngozi kama moto, ukiyafikisha jichoni kwa kidole utakaa ndani siku kadhaa. Mpulize aondoke, kisha osha.

Mbung'o nao nisiwasahau, kwa wanaokwenda Kwamsisi na kule kwenye mapori ya kuelekea Saadani. Huyu ni mdudu wa ajabu, wengine unawakimbia, yeye kukimbia kwako ndiko kunakomwita. Anafuata kitu kikubwa kinachotembea, na anapenda bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na pale Tanga kuna taasisi ya utafiti inayomshughulikia miaka mingi kwa sababu ya ng'ombe wetu. Uzigua iliwahi kupoteza mifugo mingi kwa ajili yake. Anatoboa shati. Ukiingia mapori yale vaa kitambaa kizito, rangi ya udongo au khaki, mikono mirefu, na akikuuma usimpige kwa mkono wa mafuta. Narudia, mkono wa mafuta haupigi mdudu, wa aina yoyote ile.

Mdudu akiingia jichoni, usifikiche. Maji safi, mwagia mpaka atoke. Kila dereva ana chupa ya maji ya kunywa, ndiyo hiyohiyo. Akiingia sikioni mzima, usichokoe kwa njiti ya kibiriti, unamsukuma ndani na unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Laza kichwa, matone ya mafuta ya kula, atakufa, kisha zahanati wamtoe. Ila kama sikio lilikuwa linatoka usaha, usitie chochote, nenda zahanati.

Turudi kwenye kioo, maana najua mnaniona nimekisahau. "Kimechunika." Kimechunika kwa sababu unakifuta kikavu, kwa kiganja chenye vumbi au kwa mkono wa koti. Wadudu waliogandia usoni pa kioo, weka kitambaa kilicholowa maji, kikae dakika mbili, watalainika, kisha futa kwa upole. Usiku wa kumbikumbi simama kila kinapochafuka, usichungulie kwa kupitia tundu moja safi. Kikiharibika nunua kingine, kioo peke yake kinauzwa, siyo lazima kofia nzima. Kama cha saizi yako hakuna, miwani ya kazi, ile ya plastiki wanayovaa mafundi wa kuchomelea na seremala, iliyo nyeupe siyo nyeusi, inafunika macho vizuri na haizidi hesabu ya siku moja. Shingoni funga kitambaa au skafu ukiziba ile kola. Mikono ya koti ifungwe kwenye kifundo.

Na kofia ya abiria iko wapi? Sheria inataka mbili, ya dereva na ya abiria. Abiria anakataa kwa sababu inanuka jasho la wengine, na hilo ni kweli, inanuka. Basi ianikwe juani, wekeni kitambaa cha kichwani cha kufua. Mbona mfuko wa kijiwe unanunua sare za jezi? Fedha ya jezi moja inapata kioo. Mwenyekiti, hili nimeshalisema kwenye kikao na nitalisema tena: mwezi huu tusinunue jezi, tununue vioo, na tumwite mzee mmoja mrinaji wa Misima aje kijiweni na mzinga mtupu, awaonyeshe vijana nyuki anaingilia wapi na anatokea wapi. Soda yake natoa mimi.